Rolling Stones wamewezaje kudumu tangu 1962? Jibu kwa kijana ambaye bendi yake imevunjika

Kijana mmoja mpiga gitaa ameniandikia, anasema bendi yao imevunjika baada ya ugomvi wa pesa na ugomvi wa nani ni kiongozi, na hii ni bendi ya pili kumfia mkononi. Sasa anauliza: "Mwalimu, Rolling Stones wameanza 1962 na bado wapo, siri yao ni nini, ni urafiki, ni pesa au ni bahati tu? Na sasa Charlie Watts kafa, Bill Wyman aliondoka zamani, bado tunaweza kusema ni bendi ileile? Na mtu anayetaka kujifunza kwao aanzie kusikiliza wapi?"

Mdogo wangu, pole kwanza kwa bendi. Nimefundisha dramu miaka mingi na hawa jamaa, bendi ya rock ya Uingereza, nimewasikiliza tangu nikiwa sijui hata kushika vijiti, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, usichoke. Na nianze kwa kukwambia kwamba urafiki sio jibu, ukitafuta urafiki kwenye historia ya Stones utakuta watu waliogombana karibu kila muongo, waliofukuzana, waliokaa miaka bila kuongea vizuri, na bado wakarudi kupiga pamoja. Kilichowarudisha ni mlio. Wakiwa pamoja walikua wanatoa mlio ambao hakuna hata mmoja wao aliweza kuupata kwa watu wengine, na walijaribu kweli, hawakuupata. Afu baada ya kuibiwa walipokua vijana wakajifunza kumiliki kazi yao wenyewe. Hayo mawili ndo jibu langu, mengine yote ni maelezo.

Turudi nyuma kidogo. Mick Jagger, mwimbaji, na Keith Richards, mpiga gitaa, wote wamezaliwa Dartford, kusini mashariki ya London, mwaka 1943, na walisoma shule moja ya msingi, wakapoteana, wakakutana tena Oktoba 1961 kwenye stesheni ya treni ya Dartford. Mick alikua anaenda chuo, London School of Economics, na kwapani kashika sahani za Chuck Berry na Muddy Waters. Wakati ule sahani za bluzi za Chicago Uingereza zilikua adimu, ukimwona mtu anazo umepata ndugu. Lakini bendi yenyewe hawakuianzisha wao, na hapa watu wengi wanakosea. Aliyeianzisha ni Brian Jones, mpiga gitaa, kijana wa Cheltenham, ndo aliweka tangazo la kutafuta wanamuziki, ndo alitoa jina kutoka kwenye wimbo wa Muddy Waters, ndo alikua anatafuta shoo. Shoo ya kwanza walipiga Marquee Club, London, tarehe 12 Julai 1962. Bill Wyman, mpiga besi, akaingia Disemba mwaka uleule, mkubwa kwa wenzake kwa miaka kadhaa, na moja ya sababu za kumchukua ni kwamba alikua na amplifaya nzuri (hii wenyewe wameisema mara nyingi na mwanamuziki yeyote wa huku kwetu ataielewa bila maelezo). Januari 1963 wakampata Charlie Watts, mpiga dramu, kijana mchoraji wa matangazo aliyekua anapenda jazz kuliko kitu kingine chochote. Walimsubiri. Hawakua na uwezo wa kumlipa na yeye alikua na kazi yake, wakabana matumizi mpaka wakaweza.

Nisisitize hapo kwa Charlie maana mimi ni mtu wa dramu na naamini roho ya bendi ilikua pale. Bendi nyingi za rock, mpiga dramu ndo anaongoza, anahesabu, gitaa linamfata. Stones ilikua kinyume. Keith anaanzisha na gitaa la ridim, Charlie anamfata Keith, na Bill na besi lake anakuja hapo katikati, kwa hiyo kuna kautofauti kadogo sana ka muda kati yao, unaweza ukasema wanakaribia kuachana lakini hawaachani. Bill mwenyewe alishaelezea hivyo. Ukimpa mwanamuziki hodari wa studio leo anakili wimbo wao kwa usahihi wote utasikia kitu kimekufa, kwa sababu usahihi sio kilichokua kinafanya ile ngoma itembee. Tena mwangalie Charlie mkono wa kulia, kila anapopiga snea (ile ngoma yenye mlio mkali) ule mkono unanyanyuka toka kwenye hai-hati (vile visahani viwili vinavyogongana), hapigi vyote viwili kwa pamoja kama wengi wetu tunavyofundishwa. Hiyo inaipa snea nafasi ya kupumua. Dramu zake zilikua chache, seti ndogo ya Gretsch, hana mbwembwe, hakutaka kupiga solo ndefu. Vijana wengi ninaowafundisha wanataka kununua matom (ngoma za ziada) sita kabla hawajaweza kushika mdundo mmoja dakika nne bila kuyumba, na huwa nawaambia wakamsikilize huyu mzee kwanza.

Na magitaa. Sisi tuliokulia kwenye dansi na rumba tumezoea kila gitaa lina kiti chake, solo huku, ridim kule, mi-solo katikati, na kila mtu anajua mipaka yake. Keith na Ronnie Wood, mpiga gitaa mwenzake wa baadae, wao wanaita kusuka, yaani hakuna solo na hakuna ridim, wanapokezana ndani ya mstari uleule mpaka huwezi kujua nani kapiga nini. Keith aliianza tabia hii na Brian, wakaisikiliza kwenye rekodi za Jimmy Reed na Muddy Waters. Alafu kuanzia 1968 hivi Keith akabadilisha na namna ya kutyuni, akajifunza open G (ukipiga nyuzi bila kubonyeza popote zinatoa kodi ya G), baadhi akiiona kwa mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder, akatoa kabisa uzi wa sita ule mnene, akabaki na nyuzi tano: G, D, G, B, D. Jaribu leo gitaa lako ulityuni hivyo. Honky Tonk Women, Brown Sugar, Start Me Up, zote zimekaa humo, na ukizipiga kwenye tyuni ya kawaida utahangaika mpaka usiku na hazitakaa sawa. Nakwambia haya kwa sababu watu wakiongelea "siri ya kudumu" wanaongelea mikataba na tabia, wanasahau kwamba lazima kwanza kuwe na kitu kwenye vidole ambacho watu watataka kukirudia.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndo imevunja bendi yako.

Meneja wao wa kwanza wa maana alikua Andrew Loog Oldham, kijana wa miaka 19 tu alipowachukua 1963. Huyu ndo aliona lazima Mick na Keith watunge nyimbo zao, maana mwanzoni walikua wanapiga nyimbo za Wamarekani, na hata wimbo wao wa pili kutolewa, I Wanna Be Your Man, walipewa na Lennon na McCartney. Alikua sahihi kabisa, bila kutunga wangeisha 1966 kama wengine. Lakini angalia kilichotokea, uzito wa bendi ukahama toka kwa Brian aliyeianzisha ukaenda kwa wawili wanaotunga, maana mwenye wimbo ndo mwenye hela na ndo mwenye kauli. Oldham huyohuyo ndo alimtoa Ian Stewart, mpiga piano aliyekuwepo toka siku za mwanzo kabisa, kwa sababu eti sura yake haiendani na picha ya bendi na watu sita ni wengi. Stewart, wenyewe wanamwita Stu, akakubali kuwa anaendesha gari la vyombo na kupiga piano bila kuonekana kwenye picha, na akakaa nao hivyo mpaka alipofariki Disemba 1985. Mimi hilo linaniuma mpaka leo. Keith ameshasema mara nyingi kwamba bendi anaiona ni ya Stu. Kwa hiyo usije ukadhani hawa walidumu kwa sababu walitendeana haki, hapana, walikosea watu na walikosea vibaya.

Mwaka 1965 wakamchukua Mmarekani Allen Klein asimamie biashara. Mwaka huohuo wimbo wa Satisfaction unatoka, namba moja Marekani na Uingereza, dunia nzima inaijua ile rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, na Klein anawapatia mkataba mnono na kampuni ya Decca. Vijana wamefurahi, wanaona pesa. Walipokuja kushtuka mwisho wa miaka ya 60, kwamba wao ni maarufu kuliko karibu kila mtu duniani lakini mfukoni hamna kitu cha kueleweka, wakakuta nyimbo na rekodi zao za miaka ile ziko chini ya kampuni ya Klein, ABKCO. Wakaenda mahakamani, wakapatana baadhi ya mambo, lakini rekodi zile hazikurudi. Mpaka leo hii ninavyoandika ABKCO ndo wanashika Satisfaction, Paint It Black, Gimme Shelter na wenzake. Ulishawahi kusikia wimbo wa Bitter Sweet Symphony wa bendi ya The Verve, wa 1997? Ile ilitumia kipande cha okestra cha wimbo wa Stones, The Last Time, Klein akadai, jina la mtunzi likawekwa Jagger na Richards, na Richard Ashcroft aliyeandika mashairi akakaa zaidi ya miaka 20 hapati haki ya utunzi, mpaka 2019 ndo Mick na Keith wakakubali kumrudishia. Karatasi moja iliyosainiwa na vijana wa miaka ishirini na kidogo inaweza kufika mbali kiasi hicho, iangalie sana.

Walichofanya baada ya hapo ndo kinatenganisha Stones na bendi nyingi zilizoanza nao. Walimpata Prince Rupert Loewenstein, mtu wa benki, mwenye asili ya ukoo wa kitawala Ujerumani, ambaye muziki wa rock wala haukua chaguo lake, na huyu akakaa nao mpaka 2007 akipanga hesabu zao. Wakaanzisha lebo yao wenyewe, Rolling Stones Records. Wakamwagiza mwanafunzi wa sanaa, John Pasche, awachoree nembo, akachora ule mdomo na ulimi uliotoka nje, alilipwa paundi 50, na mchoro halisi uko jumba la makumbusho la Victoria and Albert London ambao waliununua 2008. Alama ile imeuza fulana kuliko watu wanavyofikiria, na ni ya kwao. Alafu 1971 wakahama Uingereza kabisa sababu ya kodi ya mapato, maana walikua wanadaiwa na kodi ya matajiri wakati ule ilikua kali mno, wakaenda kusini mwa Ufaransa. Keith akapanga jumba linaitwa Nellcôte pale Villefranche-sur-Mer, wakaegesha gari lao la studio nje, wakarekodi kwenye chumba cha chini chenye joto na umeme wa kusuasua, ndo ikazaliwa albamu ya Exile on Main St. ya 1972. Wakosoaji wengi mwanzoni hawakuielewa. Mimi naiweka juu ya zote, imejaa makelele, sauti ya Mick imezama katikati ya vyombo, na ukiizoea hutaki ingine.

Hapo katikati kuna vifo na aibu, siwezi kuvipita kimya kana kwamba safari ilikua ya raha. 1967 polisi walivamia nyumba ya Keith, yeye na Mick wakahukumiwa jela kwa dawa za kulevya, hukumu zikalainishwa au kufutwa kwenye rufaa baada ya hata gazeti la The Times kuandika kwamba Mick anaonewa. Brian alizidi kuzama kwenye dawa na pombe, akawa haji studio, au akija hawezi kupiga, Juni 1969 wakamtoa kwenye bendi yake mwenyewe, na Julai 3 akakutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea nyumbani kwake, miaka 27. Siku mbili baadae walipiga Hyde Park bure, na Mick Taylor, mpiga gitaa kijana wa miaka 20, yuko jukwaani kwa mara ya kwanza nao. Disemba mwaka huohuo ikaja Altamont, California, shoo ya bure iliyoandaliwa kwa haraka, genge la waendesha pikipiki la Hells Angels ndo wako mbele ya jukwaa kama walinzi, na kijana mweusi wa miaka 18 akachomwa kisu akafa mbele ya jukwaa wakati bendi inapiga. Hiyo ni damu, na uandaaji wa hovyo ndo uliileta. Ukiangalia toka hapo shoo zao zilivyobadilika, mipango, ulinzi, mikataba na viwanja, utaona walijifunza, ila bei iliyolipwa sio wao walioilipa.

Mick Taylor alikua mpiga gitaa hodari kuliko wote waliowahi kupita pale, kwa maoni yangu, sikiliza anavyopiga mwishoni mwa wimbo wa Can't You Hear Me Knocking. Akaondoka Disemba 1974. Moja ya malalamiko yake ni kwamba alichangia nyimbo na jina lake halikuwekwa. Jagger/Richards, hayo majina mawili ndo yalikua yanaandikwa karibu kwenye kila kitu, awe ametunga mmoja peke yake au wote. Bill Wyman naye amesema rifu ya Jumpin' Jack Flash ilitoka kwake. Hili ni jambo la kulitazama kwa pande mbili mdogo wangu. Kwa wale wawili ule utaratibu ulikua dawa, hakuna kugombana nani katunga nini, jina ni la wote wawili, nusu kwa nusu, mpaka leo. Kwa wengine ulikua mlango uliofungwa. Bendi ilidumu, ndio, lakini ilidumu kwa kupoteza watu wa aina ya Taylor. Ron Wood aliyekuja 1975 kutoka The Faces alilipwa mshahara kwa miaka mingi kabla hajafanywa mshirika kamili, akavumilia, na uvumilivu wake umeiokoa bendi, nitakwambia vipi.

Februari 1977 Keith alikamatwa Toronto na heroini, nyingi kiasi kwamba wangeweza kumfunga miaka na miaka. Mwaka uliofata hakimu akampa kifungo cha nje na kumtaka apige shoo kwa ajili ya watu wasioona, akapiga. Wakati kesi inaendelea Mick ndo alibeba bendi, akaandika sana, London kulikua na panki na New York kulikua na disko na watu walishaanza kuwaita wazee wakiwa na miaka 34 tu, na albamu ya Some Girls ya 1978 ikajibu yote hayo, wimbo wake wa Miss You ukapanda namba moja Marekani. Hapo kukatokea kitu ambacho nadhani kimetokea na kwenye bendi yenu: aliyebeba mzigo peke yake akazoea kuubeba, na aliyekua mgonjwa akapona akataka nafasi yake, na mwenye usukani hataki kuachia. Keith anasema hivyo mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake. Miaka ya 80 ikawa vita. Mick akatoa albamu yake peke yake 1985, Keith akaona ni usaliti, albamu ya bendi ya Dirty Work ya 1986 wakarekodi karibu kila mtu kwa muda wake, Mick akakataa ziara. Keith anasimulia pia kwamba Amsterdam 1984 Mick amelewa alimpigia simu Charlie hotelini alfajiri akimuita "mpiga dramu wangu", Charlie akaamka, akanyoa ndevu, akavaa suti, akashuka akamtandika ngumi na kumwambia asimuite hivyo tena. Charlie mpole yule, mtu aliyekua anachora kila kitanda cha hoteli alicholala ziarani. Hata mtu mpole ana kikomo, na viongozi wa bendi wanatakiwa wajue hilo.

Kuanzia 1982 mpaka 1989 hawakufanya ziara. Miaka saba. Mick akaenda Japan na Australia na wanamuziki wake wengine, Keith akaunda bendi ya X-Pensive Winos na mpiga dramu Steve Jordan akatoa Talk Is Cheap ya 1988, ambayo kwangu ni albamu nzuri kuliko zote walizotoa nje ya bendi. Lakini umma haukuja kwa wingi uleule. Ronnie ndo alikua anapiga simu huku na kule kuwapatanisha hao wawili, na Januari 1989 wakakutana Barbados, wakatukanana weee, wakaanza kucheka, wakaanza kutunga. Albamu ya Steel Wheels ikatoka mwaka huohuo. Na kuna jambo ambalo watu wanalipuuza, hawakurudi kwa mapenzi tu. Promota wa Canada, Michael Cohl, alikuja na wazo la kununua ziara nzima kwa mpigo, tiketi, fulana, udhamini, matangazo ya televisheni, kila kitu chini ya paa moja, badala ya kujadiliana na promota wa kila mji. Hiyo imebadilisha biashara ya muziki wa dunia mpaka leo, na imewapa Stones maisha ya pili, maana kuanzia hapo bendi ikawa inaishi kwa ziara kuliko kwa mauzo ya albamu. Ziara ya A Bigger Bang, 2005 mpaka 2007, iliingiza zaidi ya dola milioni 550, rekodi ya dunia kwa wakati wake, na katikati yake walipiga bure ufukwe wa Copacabana Rio, Februari 2006, umati ukakadiriwa kupita milioni moja.

Kwa hiyo ukiniuliza urafiki, pesa au bahati, nakwambia mwaka 1989 ulionyesha. Wangekua na pesa bila ule mlio wangechoka kwenye ziara moja. Wangekua na mlio bila mpango wa pesa wangeuana tena. Na ule mkutano wa Barbados uliwezekana kwa sababu kulikua na watu wa tatu, Ronnie na Charlie, ambao hawakuchukua upande. Nyinyi kwenye bendi yenu nani alikua mtu wa tatu? Kama hakukua na mtu, nadhani hapo ndo palipovunjikia kabla hata ya hizo pesa.

Swali la pili, kama bado ni bendi ileile. Bill aliondoka rasmi 1993, na Darryl Jones wa Chicago aliyewahi kupiga na Miles Davis akashika besi kuanzia albamu na ziara ya Voodoo Lounge ya 1994, Charlie akiwa ndo mwenye kauli ya mwisho ya kumchagua, ambayo ni sahihi maana besi na dramu ni ndoa. Amekaa zaidi ya miaka 30 na mpaka leo sio mwanachama rasmi. Kwenye kinanda yuko Chuck Leavell tangu 1982, ambaye ameandika madaftari ya kila wimbo, ufunguo wake, kasi yake, mpangilio wake, na jukwaani wakisahau wanamwangalia yeye. Hao ni watu wa kukodi kwa karatasi, kwa masikio yangu ni Stones kabisa.

Charlie ni suala lingine. Alifariki London tarehe 24 Agosti 2021, miaka 80. Yeye mwenyewe alipoona afya hairuhusu ziara alikua ameshamuomba Steve Jordan ashike nafasi kwa muda, na Jordan ni mtu wa Keith tangu miaka ya 80, anaijua lugha. Mwezi uliofata wakapanda jukwaani St. Louis na picha za Charlie nyuma yao. Nimesikiliza rekodi nyingi za shoo za Jordan. Ni mpigaji mkubwa, ana nguvu, anaisukuma bendi mbele, nyimbo zimekua na kasi na uzito zaidi. Ile hali ya kukaribia kuachana niliyokuelezea mwanzo imepungua sana, na sidhani itarudi, ilikua ya watu wale watatu na wawili hawapo tena kwenye bendi. Kwa hiyo jibu langu la kweli: nyimbo ni zilezile, usukani ni uleule, mwendo sio uleule. Na bado inastahili kusikilizwa. Hackney Diamonds ya Oktoba 2023 ilikua albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu 2005, Mick akiwa na miaka 80 na Keith 79, ikashika namba moja Uingereza na baadae ikachukua Grammy ya albamu bora ya rock. Charlie yumo kwenye nyimbo mbili alizorekodi kabla hajafa, na kwenye mmoja, Live by the Sword, walimwita Bill Wyman aje apige besi, kwa hiyo mle ndani wale wazee wamekutana mara ya mwisho. Wimbo wa kufunga albamu ni ule wa Muddy Waters uliowapa jina, Mick na Keith wawili tu, gitaa na hamonika.

Uanzie wapi? Usianze na mkusanyiko wa nyimbo bora, utasikia vilele tu hutajua bonde linaendaje. Chukua albamu nne walizotoa mfululizo, Beggars Banquet ya 1968, Let It Bleed ya 1969, Sticky Fingers ya 1971 na Exile on Main St. ya 1972, zisikilize kwa mpangilio huo, wiki moja kila moja, gitaa likiwa mkononi limetyuniwa open G. Alafu ruka mpaka Some Girls usikie bendi iliyokua inaambiwa imezeeka. Tattoo You ya 1981 isikilize ukijua kwamba karibu yote ni makombo yaliyobaki studio miaka ya nyuma, Start Me Up ilikua imelala huko kama jaribio la rege, kwa hiyo na wewe usifute rekodi zako za mazoezi. Kisha Blue & Lonesome ya 2016, bluzi tupu za Chicago, waliirekodi kwa siku tatu tu bila kuipamba, na hapo utamsikia Charlie karibu na mwisho wa safari yake akipiga kama wanavyopiga kilabuni. Besi na dramu wa bendi yako ya zamani kama bado mnasalimiana waite mzisikilize pamoja, maana ukisikiliza peke yako masikio yatakimbilia gitaa.

Na kabla hamjaanza bendi nyingine kaeni chini muandike nyimbo ni za nani, rekodi ni za nani, jina ni la nani, na mtu akiondoka anaondoka na nini. Usajili wa haki wafanyeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kama mko Tanzania, Kenya ni chama cha haki za wanamuziki kinachotambulika. Ukimaliza rasimu ya makubaliano nitumie, nitaisoma na nitakwambia wapi panavuja.